Unajenga nyumba? Panga njia za waya wa intaneti kabla fundi hajapiga plasta

Mvua zikikatika, Uyole hubadilika sura. Tanuri za matofali zinaanza kufuka moshi, maboma yaliyolala kipindi chote cha mvua yanaezekwa, na nyumba zilizoezekwa mwaka jana zinasubiri fundi wa plasta. Ndicho kipindi ambacho wasikilizaji wanaojenga hutuuliza maswali mengi: simenti mifuko mingapi, bati geji gani, fundi umeme alipwe vipi. Siku hizi kuna swali jingine linalojirudia. Nikitaka intaneti ya waya ndani ya nyumba yangu mpya, nianzie wapi?

Tulijibu kwanza kwa ufupi, kwa ajili ya yule ambaye fundi yuko uwanjani leo. Kabla ukuta haujapigwa plasta, pitisha mabomba matupu kutoka sehemu moja ya katikati hadi kila mahali utakapotaka intaneti, ziba midomo yake, kisha piga picha kuta zote kwa simu. Nyaya zenyewe unaweza kuzinunua hata baada ya miaka mitano. Mengine yote tunayoeleza hapa ni ya kukusaidia kuifanya kazi hiyo vizuri na bila kupunjwa.

Simu haina pa kuchomeka waya, sasa waya wa nini?

Ni kweli, simu hupata intaneti kwa hewa, ama moja kwa moja kutoka kwenye mnara, ama kwa Wi-Fi ya ruta iliyomo ndani. Lakini Wi-Fi ina adui mmoja mkubwa, naye ni ukuta. Ukuta wa tofali la kuchoma, kama ule tunaoujenga huku Nyanda za Juu Kusini, hunyonya sehemu kubwa ya mawimbi hayo. Kuta mbili zikifuatana, tena zimepigwa plasta pande zote, simu iliyo chumba cha mwisho hubaki na kijistari kimoja. Bati nalo ni kama pazia la chuma: aliye nje uani hupata kilichopenya dirishani tu. Wengi hudhani dawa ni kununua ruta kubwa yenye antena nyingi. Mara nyingi haisaidii sana, kwa sababu simu nayo lazima irudishe mawimbi hadi kwenye ruta, na antena ya simu ni ileile ndogo.

Waya unatatua hilo kwa namna rahisi. Unaupitisha kutoka kwenye ruta hadi upande wa pili wa nyumba, na kule mwisho unafunga kifaa kidogo cha kurusha Wi-Fi. Hapo simu ya chumba cha nyuma inazungumza na kifaa kilicho karibu nayo, na kifaa kinazungumza na ruta kwa waya ambao haujali ukuta. Vitu visivyohama, kama televisheni, kompyuta na kamera za ulinzi, unavichomeka moja kwa moja na kuiachia hewa simu peke yake.

Kwa anayejenga kando ya barabara kuna sababu nyingine: fremu. Nyumba nyingi kuanzia njia panda ya Uyole kuelekea Tukuyu zina fremu za biashara mbele na makazi nyuma. Aliyepangisha fremu kwa wakala wa pesa za simu au mwenye duka la kuchapisha na kutoa kopi anajua mpangaji anauliza nini siku hizi akishauliza kuhusu umeme na choo.

Na wewe uliye bondeni

Msikilizaji wa Busokelo, wa Ileje au wa Makete anaweza kusema haya ni ya watu wa mjini, kwake faiba haijafika. Kwa maoni yetu yeye ndiye anayeuhitaji waya kuliko mtu wa Uyole.

Sote tunazijua nyumba ambazo ndani simu haishiki, na mtu akitaka kupiga lazima atoke hadi kwenye mparachichi au apande kichuguu. Kinachozuia ni mlima uliosimama kati ya nyumba na mnara, na kuta na bati vinamalizia kilichobaki. Zipo ruta za laini ya simu zinazotengenezwa ili zikae nje, juu ya paa au kwenye nguzo, pale mtandao unaposhika. Ruta hiyo hushushiwa waya mmoja tu hadi ndani ya nyumba. Waya huohuo huipelekea umeme na kuleta intaneti, kwa hiyo huhitaji soketi ya umeme juu ya paa. Ukiwa na njia ya waya kutoka kwenye kenchi hadi chumba cha katikati, siku ya kufunga kifaa hicho ni kazi ya saa moja. Usipokuwa nayo, fundi atatoboa bati, na sote tunajua bati lililotobolewa hufanya nini Machi.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua kifaa kitakaa wapi, zunguka kiwanja na simu yako. Simama kila kona, panda ngazi hadi usawa wa paa, tazama mtandao unashika wapi na wa kampuni gani. Jaribu na laini tofauti za jamaa na majirani. Andika. Ni kazi ya nusu saa isiyo na gharama.

Mkongo unapita, lakini hauingii ndani wenyewe

Mwaka 2009 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani faiba ya kuunganisha mikoa. Mkongo huo unafika Mbeya, na kutoka hapa unaungana na Zambia kupitia Tunduma na Malawi kupitia Kasumulu. Anayekaa Uyole, panapoachana barabara ya Tunduma na ya Kyela, yuko karibu sana na njia hiyo.

Ila kuwa karibu si kuunganishwa. Mkongo ni kama bomba kuu la maji linalopita kijijini likielekea mjini: huwezi kulitoboa ujichotee. Anayekuletea nyumbani ni mtoa huduma mwenye mtandao wa mtaani. Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, ambalo ndilo linalousimamia mkongo, lina huduma inayoitwa Faiba Mlangoni Kwako, na zipo kampuni binafsi pia. Kabla hujachimba mtaro wowote, nenda ofisini kwao na jina la mtaa wako, uulize mambo matatu: kama mtaa umefikiwa, waya utatokea nguzo gani au shimo gani, na wao wanaishia wapi. Hili la mwisho ndilo wengi husahau. Kwa kawaida mtoa huduma huleta uzi wa kioo hadi kwenye kiboksi kimoja ndani ya nyumba, anakifunga, anaacha ruta, anaondoka. Kutoka hapo hadi chumbani ni shauri lako.

Ndiyo maana bomba la kwanza kabisa katika nyumba ni lile linalotoka nje kuingia ndani. Liweke wakati wa msingi, kabla ya kumwaga zege la sakafu, kutoka usawa wa nguzo au geti hadi sehemu ya katikati. Tumia bomba la milimita 25 au zaidi, likiwa na kona za mviringo, si kona kali, kwa sababu uzi wa faiba ukikunjwa kwa nguvu hupoteza mwanga. Upande wa nje uwe chini kuliko wa ndani, maji yasije yakatafuta njia ya kuingia sebuleni. Kama msingi umeshapita, bado unaweza kuingilia juu, chini ya paa.

Chagua mahali pamoja pa katikati

Kila nyumba iwe na sehemu moja ambapo njia zote zinakutana. Stoo inafaa, korido inafaa, hata kona ya sebule nyuma ya mlango. Jiko halifai kwa mvuke na moshi, bafu halifai kwa maji. Chumba cha kulala cha wazazi nacho tusingekipendekeza, ingawa wengi hukichagua kwa sababu ya usalama wa vifaa: siku ruta inazima na wenyewe wamesafiri na ufunguo, nyumba nzima inakaa bila intaneti. Mahali hapo pawe na soketi mbili za umeme, pawe juu ya kimo cha mtoto, na hewa ipite, kwa sababu ruta hupata joto.

Sasa kuna jambo ambalo fundi umeme asiyezoea kazi hii hulikosea, na hulikosea kwa sababu anafuata mazoea mazuri ya kazi yake. Umeme wa soketi huzungushwa: waya unatoka soketi ya kwanza kwenda ya pili, kisha ya tatu. Waya wa mtandao hauendi hivyo. Kila tundu la ukutani lina waya wake peke yake, unaotoka katikati hadi pale bila kuungwa popote njiani. Matundu sita ni nyaya sita. Ukichora, picha yake ni kama mkono wenye vidole. Mwambie fundi hivyo kabla hajaanza kutindua ukuta, na mchoree kwenye karatasi.

Kuhusu mabomba yenyewe, yale ya plastiki yanayotumika kwa umeme yanatosha. La milimita 20 linabeba nyaya mbili bila kubanana, la milimita 25 nne. Kati ya kiboksi na kiboksi kusiwe na kona zaidi ya mbili, la sivyo siku ya kuvuta waya utakwama katikati. Ndani ya kila bomba acha kamba ya nailoni, ndiyo itakayouvuta waya siku ikifika. Wengine huacha waya wa kufungia nondo. Huo hushika kutu na kukatika. Midomo ya mabomba izibwe kwa karatasi ya mfuko wa simenti au kwa kitambaa, maana fundi plasta hana habari na mipango yako, na donge moja la mchanga na simenti likiingia na kukauka, bomba hilo limekufa.

Halafu piga picha. Kabla ya plasta, simama katikati ya kila chumba, piga kila ukuta, na futikamba ikiwa imenyooshwa ukutani ili vipimo vionekane. Jitumie picha hizo, mtumie na mwenzako, zisiwe kwenye simu moja. Atakayekuja kupigilia msumari wa pazia miaka mitatu baadaye atakushukuru, na picha hizohizo zitaonyesha mabomba ya maji na ya umeme pia.

Umeme na intaneti havilali bomba moja

Hapa hatutalegeza maneno. Waya wa umeme wa nyumbani una volti 230. Waya wa mtandao una ngozi nyembamba isiyotengenezwa kuzuia umeme wa kiasi hicho. Ukiviweka bomba moja kuokoa fedha, na siku moja panya akatafuna au waya ukachubuka wakati wa kuvuta, umeme wote unahamia kwenye kitu ambacho mtoto anakishika kwa mkono akichomeka kompyuta. Hata kabla ya ajali hiyo, umeme unaopita sambamba na waya wa mtandao huuvuruga, na intaneti inakuwa ya kukatakata bila sababu kuonekana.

Mabomba ya mtandao na ya umeme yaache nafasi ya kama sentimita 30 pale yanapokwenda sambamba. Pakiwa na ulazima wa kukutana, yapishane kwa kukatana kama msalaba. Viboksi vya ukutani navyo viwe mbalimbali. Na kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe. Waya wa mtandao hauhitaji leseni hiyo, lakini usimwachie kijana wa intaneti akugusie mein swichi.

Kuna pia radi. Mtu wa Rungwe haelezwi radi ni nini. Waya wa shaba uliofungwa nje, kwenda kwenye kamera ya getini au kutoka nyumba kubwa kwenda nyumba ya nyuma, unaweza kubeba mshtuko wa radi iliyopiga karibu na kuuleta hadi kwenye ruta na televisheni, hata kama radi haikuigusa nyumba. Ushauri wetu ni kwamba waya wa shaba wa mtandao usipitishwe angani kati ya nyumba mbili. Ukilazimika kuunganisha nyumba ya pili, tumia faiba isiyo na chuma ndani yake, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, au zungumza na fundi kuhusu kurusha intaneti kwa hewa kutoka paa hadi paa. Nyumba iwe na ethi nzuri. Na mawingu yakianza kunguruma, kuchomoa plagi ya umeme ya ruta ni nusu ya kazi. Chomoa na waya unaotoka nje.

Waya gani, na mita ngapi

Dukani utaulizwa: Cat5e au Cat6? Maneno hayo yamechapishwa kwenye ngozi ya waya. Zote mbili zina nyuzi nane ndani, zilizosokotwa mbilimbili kwa rangi. Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde kwa umbali wa hadi mita 100. Cat6 hubeba hiyohiyo kwa urahisi zaidi, na ikiwa fupi, hadi kama mita 55, inaweza kubeba gigabiti kumi. Intaneti tunayolipia nyumbani, hata ya faiba, kwa kawaida ni makumi ya megabiti, na gigabiti moja ni megabiti elfu moja. Kwa nyumba ya kawaida basi, Cat5e nzuri inatosha kabisa. Tofauti ya bei ikiwa ndogo chukua Cat6, kwa sababu utaitumia miaka mingi.

Linaloumiza zaidi ni shaba ya uongo. Sokoni zipo nyaya ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ni rahisi, ni nyepesi, na zinakatika kirahisi zikikunjwa. Zinabeba mawimbi kwa shida kwenye umbali mrefu, na zikitumika kupeleka umeme kwenye kamera au ruta ya nje hupata joto. Nyingine zimeandikwa CCA kwenye ngozi au kwenye boksi, herufi ndogo ambazo muuzaji hatakuonyesha. Njia ya kupima ni wembe. Menya waya, chukua uzi mmoja, ukwangue. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ya uongo, ukikwangua kidogo tu, inatoa rangi nyeupe ya sufuria. Muuzaji akikukataza kukwangua kipande cha sentimita tano, umeshapata jibu. Tungechagua Cat5e ya shaba tupu kuliko Cat6 ya aluminiamu, bila kufikiri mara mbili.

Boksi moja zima huwa na mita 305, na hapa ndipo watu hununua zaidi ya wanachohitaji. Hebu tupige hesabu ya nyumba ya vyumba vitatu yenye fremu moja mbele, katikati yake ikiwa stoo. Kila waya unapanda ukuta mita 2 hadi darini, unakwenda mlalo, unashuka mita 2 hadi kwenye tundu, na unaachiwa akiba ya mita mbili unusu kwa ajili ya makosa ya kukata. Sebuleni nyuma ya televisheni, mlalo mita 7, jumla inakaribia 14. Pale tunaweka nyaya mbili, kwa hiyo 28. Katikati ya dari ya korido, kwa kifaa cha Wi-Fi, mita 10. Meza ya watoto ya kusomea chumba cha nyuma, 16. Kamera ya mbele chini ya paa 16, kamera ya nyuma 13. Fremu iko mbali kuliko vyote, 23. Jumla ni mita 106. Boksi moja linatosha nyumba mbili za namna hiyo na kubakiza mita 93. Kama una jirani anayejenga, nunueni pamoja. Kama huna, uliza duka linalokata kwa mita, ila omba kuona kwamba ni waya ule mmoja mzima, haujaungwa.

Waya utakaopigwa na jua, kama ule wa kamera au wa ruta ya juani, uwe wa aina ya nje, wenye ngozi nyeusi nene. Ngozi nyeupe au ya kijivu hupasuka kwa jua.

Usivute waya kwa nguvu kama unavuta ng'ombe. Watu wawili, mmoja anasukuma na mwingine anavuta taratibu, wanatosha. Ukikwama, rudi nyuma. Waya uliovutwa hadi ukarefuka hauonyeshi kidonda nje, lakini nyuzi za ndani zimeshaharibika mpangilio.

Siku ya kufunga vichwa

Mwisho wa kila waya unafungwa kwenye tundu la ukutani au kwenye kichwa cha plastiki chenye pini nane. Nyuzi zinapangwa kwa rangi, na mpango unaotumika zaidi, ukianzia kushoto huku kichwa kikiwa na pini juu na kilimi chini, ni huu: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Muhimu ni pande zote mbili zifanane. Nyuzi zisisokotolewe zaidi ya sentimita moja na kidogo, kwa sababu ule msokoto ndio unaozuia kelele za umeme.

Wapo mafundi wanaounganisha nyuzi nne tu kati ya nane, kwa haraka au kwa kuokoa waya, wakigawa waya mmoja kwa matundu mawili. Intaneti itafanya kazi, na hutajua kitu. Lakini waya huo hautavuka megabiti 100, maana gigabiti inahitaji nyuzi zote nane.

Kipimo chake ni kifaa kidogo chenye taa nane, fundi yeyote wa kweli anacho. Upande mmoja unachomekwa huku, mwingine kule, na taa zinawaka moja hadi nane kwa zamu. Taa ikiruka au zamu ikichanganyika, kichwa kifungwe upya. Pimeni matundu yote mkiwa pamoja, wewe na fundi, kabla hujamalizia fedha yake. Kila tundu liandikwe namba, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye waya kule stoo.

Umeme ukikatika

Ruta nyingi za nyumbani hutumia wati kama 10 hivi. Kwa saa 24 hiyo ni kama wati-saa 240, kazi ambayo mfumo mdogo wa sola wenye betri unaimudu. Kwa anayetumia TANESCO, vipo vibetri vidogo vya akiba vinavyokaa kati ya plagi na ruta na kuiweka hewani saa kadhaa. Kamera za kisasa zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao hutegemea swichi iliyo stoo, kwa hiyo ukiiwekea swichi hiyo betri, na kamera zinaendelea kuona. Mwizi wa usiku hupenda umeme uliokatika.

Kama una wapangaji na unafikiria kuwauzia intaneti, uliza kwanza TCRA. Kutoa huduma ya intaneti kwa malipo ni biashara yenye masharti ya leseni, na mkataba wako na mtoa huduma unaweza kuwa unakataza kuuza tena.

Na nyumba iliyokwisha pigwa plasta?

Haijapotea. Juu ya dari kuna nafasi, na waya unaweza kupita huko kwenye kenchi hadi juu ya kila chumba, kisha ukashuka ukutani ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki wenye kifuniko, ule unaobandikwa kwenye kona. Si mzuri kwa macho kama bomba la ndani, lakini unafanya kazi sawa. Darini waya upitishwe ndani ya bomba hata huko, kwa sababu panya wa huku hawachagui. Kama dari ni ya jipsamu na haina mlango, mwachie fundi nafasi ya kupandia korido kabla ya kupaka rangi. Na ukitoboa ukuta wa nje kuingiza waya, tobo liiname kwenda nje, kisha waya uning'inie kidogo chini ya tobo kabla haujapanda kuingia, ili maji ya mvua yadondokee pale chini badala ya kuufuata waya hadi kwenye ruta.